Seli za moyo zinakuzwaje maabara? Nawaelezea wa kwetu Amu

Ami yangu ana moyo uliotanuka. Ni mvuvi wa zamani, miaka yake yote baharini, presha ikamla polepole bila yeye kujua, na mwaka huu daktari akamwambia moyo umechoka, akampa vidonge vya asubuhi na jioni na akamkataza chumvi. Sasa juzi nimerudi Lamu likizo, nimeketi naye barazani kule Langoni baada ya swala ya alasiri, akatoa kipakiti cha unga mfukoni mwa kanzu akanipa nimsomee, manake macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Kipakiti kimeandikwa kina seli shina. Aliyemuuzia alimwambia unga ule akikoroga na maji akanywa kabla ya kula, seli zitakwenda zenyewe mpaka kwenye moyo ziote nyama mpya, na kwamba akimaliza miezi mitatu vidonge vya hospitali ataviacha. Alikuwa ashanunua vya mwezi mzima, na pesa yenyewe ndo ile alokuwa ameiweka ya nyavu za mwanawe.

Nilinyamaza kidogo kabla ya kusema kitu. Mimi kazi yangu ndo hio hio, ni mtu wa maabara, mwaka wa tatu huu nakuza seli za misuli ya moyo kutokana na seli shina, kila siku, Jumapili ndani yake na hata siku ya Idd. Zile seli nazijua vile zinavyokufa. Nikamwambia Ami nipe nafasi nikueleze moja moja, na tukakaa mpaka adhana ya magharibi, tukaswali, tukarudi palepale. Nayaandika hapa yale niliyomwambia kwa sababu kipakiti kile hakikuletwa Lamu kwa ajili ya mtu mmoja.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri sana. Aliuliza, mwanangu, mbona nikijikata na kisu cha samaki baada ya wiki ngozi imefunga, moyo una nini hata usijifunge? Jibu ni kwamba seli za ngozi zinazaana kila siku, za misuli ya moyo karibu hazizaani kabisa ukishakuwa mtu mzima. Na hili lilivyojulikana ni jambo la ajabu. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia juu angani, hewa ikajaa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, kupita kiasi chake, mimea ikaivuta, sisi tukala mimea, ikaingia mpaka kwenye DNA, yale maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli zetu, na seli ikishazaliwa DNA yake inabaki na kipimo cha mwaka ule kama muhuri. Watafiti wa Sweden wakapima mihuri hio kwenye mioyo ya watu waliokufa, wakatoa majibu mwaka 2009: mtu wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na akifika miaka 75 inashuka mpaka asilimia 0.45. Yaani zaidi ya nusu ya seli zinazopiga ndani ya kifua cha Ami leo, alizaliwa nazo. Na mtu akipata shambulio kubwa la moyo anaweza kupoteza hata seli bilioni 1 kwa mara moja, mahali pake panafunga kovu, na kovu halipigi.

Kwa hivo kama moyo hautoi seli zake wenyewe, itabidi zitoke kwengine, na hapo ndo inapoingia seli shina. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Kuna za aina nyingi mwilini, kwenye uboho wa mifupa kuna zinazotoa damu, lakini hizo kazi zao zimebanwa, haziwezi kutoa kila kitu. Zinazoweza kutoa kila kitu ni zile za kiinitete cha siku chache. Mwaka 1998 James Thomson kule Wisconsin, Marekani, ndiye aliyezitoa za binadamu mara ya kwanza na kuzikuza kwenye sahani, lakini zilitoka kwenye viinitete vilivyobaki kwenye matibabu ya uzazi, na watu wengi jambo hilo liliwakaa vibaya moyoni, wenye dini na wasio na dini.

Halafu mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, akachukua seli za ngozi ya panya, akaanza na jeni 24 alizozishuku, akawa anapunguza moja moja mpaka zikabaki 4, akaziwasha hizo 4 ndani ya seli ya ngozi, na ile seli ikarudi nyuma ikawa kama ya kiinitete. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa binadamu. Hapo nikamwonyesha Ami mlango wa jirani, ule wa zamani uliochongwa maua, nikamwambia hebu fikiria fundi achukue mlango huu aurudishe uwe mti wa mbambakofi, wenye mizizi, unaochipua. Ndo kitu alichokifanya yule bwana. Mwingereza John Gurdon alikuwa ameonyesha mwaka 1962 kwa vyura kwamba seli iliyokomaa bado imebeba maelezo yote ya kutengeneza mwili mzima, na wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2012. Basi siku hizi hatuhitaji kiinitete. Damu kidogo ya mtu mzima inatosha, inarudishwa nyuma, na baada ya miezi kadhaa una seli shina ambazo zina DNA ya mtu yule yule.

Ami akasema sasa hizo ukishakuwa nazo si mambo yamekwisha. Hapana, hapo ndo yanapoanza.

Seli hizi ni za kulelewa. Zinakaa kwenye inkubeta, nyuzi 37, hewa yenye unyevu na asilimia 5 ya kabonidayoksaidi, na zinakaa juu ya gundi ya protini manake juu ya plastiki tupu hazishiki. Gundi tunayoitumia sana yaitwa Matrigel, inatoka kwenye uvimbe wa panya, na tabia yake ni kwamba kwenye barafu ni maji maji, ikipata joto la chumba inaganda baada ya dakika chache, kwa hivo hata ncha za pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kumiminia, mimi huziweka kwenye friji kwanza, na chupa ya Matrigel haitoki kwenye barafu hata nikiitwa. Chakula chao, ile midia, kinabadilishwa kila siku. Kila asubuhi kitu cha kwanza ni kuziangalia kwenye hadubini: kundi zuri la seli shina ukingo wake umekaza, seli zimebanana kama watu kwenye maulidi, kila moja ina kiini kikubwa na mwili mdogo. Ukiona ukingo umelegea na seli zimejitandaza, hizo zimeanza kuchagua kazi zenyewe bila kuambiwa, na zinakwanguliwa zikatupwa kabla hazijawavuta wenzao. Zikijaa zinagawanywa, na kugawanya nako kuna adabu yake, ukizitenganisha moja moja zinajiua kwa upweke, kwa hivo siku ya kwanza tunazipa dawa iitwayo Y-27632 ya kuzituliza. Na kila baada ya muda tunapima kromosomu, vile vifurushi vya DNA, manake zikikaa sana kwenye sahani kuna zinazojiongezea kipande cha kromosomu namba 20, hizo zinakua haraka kuliko wenzao, kwa macho zapendeza kweli kweli, na kumbe zimeharibika.

Sasa unazigeuzaje ziwe moyo? Hapa ndo penye utamu wa kazi yote na nilimweleza Ami kwa kutumia Mkanda, manake hakuna anayejua Mkanda kama yeye. Kwa asiyejua, Mkanda ni ile njia nyembamba ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mashua za kwenda Pate na Faza hupita pale, na pale hupiti mpaka maji yajae. Ukifika mapema unangoja, ukichelewa maji yamekupwa umekwama kwenye matope na mikoko mpaka maji mengine. Mashua inaweza kuwa nzuri na nahodha akawa hodari na mashine mpya, lakini kama saa si yake hupiti.

Seli shina nazo ziko hivo hivo. Kuna ishara moja inayopita kati ya seli, inaitwa Wnt, nayo ndo inayoamua mambo mengi sana tumboni mwa mama wakati mtoto bado ni mdogo kuliko punje ya mchele. Ishara hii ikifunguliwa mwanzo kabisa inaiambia seli shina iingie tabaka la kati, lile linalotoa misuli na mifupa na damu na moyo. Lakini siku mbili tatu baadae ishara ile ile, ikiwa bado iko wazi, inazuia moyo usitokee. Ishara moja, inaita na inafukuza, inategemea umefika saa ngapi. Wanasayansi wa Wisconsin mwaka 2012 wakatoa njia ambayo leo watu wengi tunaifuata au tunafuata nduguze: siku ya sifuri unaweka dawa iitwayo CHIR99021, mikromola 6 mpaka 12 (ndo kipimo cha ukali wake) kutegemea laini ya seli zako, yaani ukoo wa seli zilizotoka kwa mtu mmoja, inafungua ishara ya Wnt, na baada ya saa 24 unaitoa. Siku ya tatu unaweka dawa nyengine, IWP2, inazizuia seli zisitoe Wnt zao zenyewe, yaani unaufunga mlango. Siku ya tano unaitoa nayo. Mpaka siku ya saba midia haina insulini, manake insulini siku hizo za mwanzo inaharibu mwelekeo wa moyo, halafu siku ya saba unairudisha. Basi. Dawa mbili ndogo, na kalenda.

Ukisoma hivi utaona ni rahisi. Lakini mimi miezi yangu minne ya kwanza sikupata hata sahani moja iliyopiga. Nilifuata kila namba. Nilibadilisha dozi ya CHIR, nikanunua chupa mpya, nikabadilisha sahani, na kila baada ya siku kumi naangalia naona seli zimekaa kimya tu. Kosa lilikuwa hata kabla ya siku ya sifuri: nilikuwa naanza seli zikiwa chache, sahani haijajaa, kwa sababu nilihesabu siku badala ya kuziangalia. Zinatakiwa ziwe zimejaa kama mkeka usio na tundu, ndo ufungue ishara, na kila laini ina mwendo wake, moja inajaa kwa siku tatu, nyengine nne. Tangu siku ile sianzi kwa kalenda, naanza kwa macho, halafu nikishaanza ndo nafuata kalenda bila kupoteza hata saa moja.

Na siku za katikati zinatia hofu. Siku ya kwanza baada ya CHIR seli nyingi zinakufa, sahani inajaa takataka zinazoelea, midia inageuka rangi, mtu mgeni anaona ameua kila kitu na anaosha sahani kwa nguvu, na kule kuosha ndo anakokwenda kuua zilizobaki. Zilizobaki chini zinaendelea. Uzihudumie kwa upole, umimine pembeni ya ukuta wa sahani, usimimine katikati.

Halafu kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili inakuja ile asubuhi. Mara yangu ya kwanza ilikuwa siku ya tisa. Nilitoa sahani, nikaiweka chini ya hadubini, nikaona pembeni kuna kama kitu kimetikisika, nikadhani ni meza imeguswa. Nikaondoa mikono. Kikatikisika tena. Kipande kidogo, kidogo kuliko punje ya ufuta, kinajikaza na kujiachia, kinajikaza na kujiachia, hakuna mshipa wa fahamu, hakuna ubongo, hakuna mtu anayekiamuru. Kila seli inafungua milango yake ya kalsiamu, kalsiamu inaingia, nyuzi za misuli zinavutana, kalsiamu inarudishwa, seli inalegea, na kwa sababu seli zimeshikana na kuna vijia baina yake, mmoja akipiga jirani anasikia. Nilisema subhanallah kwa sauti na wenzangu wakaja. Kesho yake vipande vilikuwa vingi, kila kimoja na mwendo wake, na baada ya siku chache sahani nzima inapiga pamoja kama wapiga matari walioshikana.

Lakini si zote zilizomo ni za moyo. Kunabaki na seli nyengine, na njia ya kuzisafisha naipenda sana kwa sababu haitumii sumu. Wajapani mwaka 2013 walionyesha kwamba ukitoa sukari yote kwenye midia ukaweka lakteti, ile ile inayotoka kwenye misuli ukikimbia, seli za moyo zinaweza kuila na kuishi nayo, nyengine nyingi haziwezi, zinakufa njaa. Siku kadhaa hivi, na unaweza kubaki na sahani ambayo asilimia 99 ni seli za moyo.

Sasa kuzishika. Kutengeneza ni nusu, nusu nyengine ni mkono. Chukua mfano wa kuzigandisha na kuziyeyusha, manake hakuna anayetengeneza mpya kila wiki, tunazihifadhi kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ami alicheka akasema samaki ukimgandisha vibaya akiyeyuka nyama imekuwa teketeke, na ni hivo hivo hasa, maji ndani ya seli yakiganda yakawa vipande vikubwa vya barafu yanaipasua. Kwa hivo tunatia DMSO, dawa ya maji maji ya kuzikinga na barafu, kama asilimia 10, na tunashusha joto polepole, nyuzi moja kwa dakika, maji yapate kutoka kwenye seli kabla ya kuganda. Kuyeyusha ni kinyume chake, haraka, kichupa unakitia kwenye maji ya nyuzi 37, dakika mbili hivi, mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu kama harage. Halafu haraka inakwisha hapo hapo. Midia ya kwanza unaitia tone, unatikisa kidogo, tone, unatikisa, mililita moja ichukue kama dakika moja na nusu, kwa sababu seli imejaa DMSO na ukiimwagia maji mengi kwa mara moja yanaingia kwa nguvu ikapasuka. Mimi huhesabu kwa tasbihi kichwani, tone na tone. Mashine ya kuzungusha isiwe kali, pipeti iwe ya mdomo mpana, usizipige mapovu. Unazihesabu na rangi ya trypan blue, iliyokufa inageuka buluu, iliyo hai inaikataa rangi. Halafu unazipanda kwa wingi, 100,000 mpaka 200,000 kwa kila sentimita mraba, manake seli ya moyo haizaani tena, hutangojea zijaze zenyewe, ulichoweka ndicho utakachokuwa nacho na huenda kikapungua.

Na ukishapanda, uiwache sahani ile itulie kwenye meza robo saa au nusu saa kabla ya kuitia kwenye inkubeta. Hili hakuna aliyeniambia. Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikaibeba sahani mara moja, na nilipokuwa natembea nikaizungusha mkononi bila kujua, seli zote zikakusanyika katikati kama mchanga kwenye beseni. Katikati zikapandana, pembeni tupu. Zikaanza kupiga vizuri tu, lakini ule mrundo wa katikati ulikuwa na nguvu kuliko gundi iliyoushika, siku ya kumi nikakuta umejiambua wote, umejikunja kama mkeka uliotolewa msikitini, na bado unapiga, unaelea unapiga. Wiki sita za kazi. Niliutazama mpaka ukaacha.

Zikishayeyushwa hazipigi siku ya kwanza, wala usizitoe kila saa kuangalia, ukizitoa nje zinapoa na mapigo yanapungua au yanasimama kabisa, ukadhani zimekufa. Siku ya pili zinaanza, kila moja kivyake, na kwenye siku ya tano au saba ndo zinasikizana.

Ami aliuliza lile ambalo nilikuwa nalingojea. Sasa mwanangu, kama mnazo, zinapiga, kwa nini hawanitii?

Kwanza, hizi seli ni changa. Seli ya moyo wa mtu mzima ni ndefu kama tofali, nyuzi zake zimepangika, inakula mafuta, haipigi mpaka iambiwe. Hizi zetu ni za duara au zimejitandaza hovyo, zinakula sukari, zinapiga zenyewe bila amri, kama za mtoto aliye bado tumboni. Umri wa mwenye damu hauhesabiki, hata angekuwa ni mzee wa miaka 70, seli zake zikirudishwa nyuma zikatoka tena zinatoka changa. Watu wanajaribu kuzikomaza, kuna homoni ya tezi ya koo iitwayo T3, kuna deksamethasoni, kuna kuzibadilishia chakula kutoka sukari kwenda mafuta, kuna kuzivuta na kuzipiga umeme. Mwaka 2018 kundi la New York lilizitia kwenye vijimisuli vidogo likawa linazifundisha kwa umeme, kila siku mapigo yanaongezwa kasi, kwa wiki nne hivi, na zikakaribia za mtu mzima kuliko ilivyowahi kuonekana. Kukaribia, bado si kufika.

Pili, ukizitia kwenye moyo zinaweza kuuvuruga. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle walitia seli bilioni 1 kwenye mioyo ya nyani iliyoumia, seli zikashika, zikaungana na moyo, jambo kubwa sana hilo. Lakini nyani wale mapigo yao yakawa yanaenda mrama kwa muda, kwa sababu seli changa inapiga yenyewe, sasa moyo una nahodha wawili. Huko Osaka, Japani, mwezi wa Januari 2020 mgonjwa wa kwanza aliwekewa utando mwembamba wa seli hizi juu ya moyo wake, na tegemeo lao kubwa ni vile seli zinavyotoa vitu vya kuusaidia moyo kuota mishipa ya damu, si kwamba utando ule ushike kazi ya kusukuma. Kazi inaendelea, kwa tahadhari, kwa upasuaji, na dawa za kuuzuia mwili usizikatae.

Kwa sasa faida yake kubwa iko kwengine. Dawa nyingi za zamani ziliondolewa sokoni kwa sababu zilikuwa zinavuruga mapigo, terfenadine ya mzio iliondoka Marekani mwaka 1998, cisapride ya tumbo mwaka 2000, zote mbili zilikuwa zinaziba mlango wa potasiamu kwenye seli ya moyo na watu wakafa. Leo dawa mpya inaweza kujaribiwa kwanza kwenye sahani ya seli za binadamu zinazopiga, ukaona mapigo yanarefuka kabla mtu hajaimeza. Na wenye magonjwa ya moyo ya kurithi, unachukua damu yao, unatengeneza seli za moyo wao, na ugonjwa unauona kwenye sahani, kitu kilichoonyeshwa mwaka 2010 kwa familia yenye mapigo yanayorefuka kupita kiasi. Ila laini nyingi tulizonazo kwenye friza za dunia zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya, na sisi Waafrika ndo wenye DNA ya aina nyingi kuliko wote. Dawa ikijaribiwa kwenye seli zao ikaonekana salama, hatujajaribiwa sisi. Hili linaniuma na silifichi.

Ndo nikarudi kwenye kipakiti. Nikamwambia Ami, seli zangu mimi nikizisahau nje ya inkubeta usiku mmoja zimekufa. Hizi za unga zimekauka, zimekaa kwenye kontena baharini, dukani, mfukoni mwako kwenye jua la Langoni. Na hata zingekuwa hai, ukizimeza tumbo linazisaga kama linavyosaga nyama ya kuku, haliulizi hii ni seli shina au ni paja. Halafu maandishi madogo ya nyuma yalisema zimetoka kwenye tufaha. Seli shina ya tufaha inatoa tufaha, Ami, haina njia ya kutoa moyo wa mtu. Vidonge vya hospitali ndo vinavyoupunguzia moyo wako mzigo sasa hivi, na ukiviacha kwa ajili ya unga huu maji yatajaa miguuni na mapafuni, na kutoka hapa kwenda kwa daktari wa moyo ni mashua mpaka Mokowe halafu barabara ndefu.

Alikaa kimya. Nikatoa simu nikamwonyesha video ya sahani yangu, akaisogeza mbali na macho vile wazee wanavyofanya, akaitazama mpaka ikaisha, akaniambia irudie. Nikairudia mara tatu. Akauliza ile ni damu ya nani, nikamwambia ni ya mtu wa mbali aliyekubali kuitoa, jina lake hatulijui wala hatutakiwi kulijua, na aliweka saini akaelezwa itatumiwa kwa nini.

Akaviweka vile vipakiti vilivyobaki kando ya baraza, akasema kesho atamrudishia mwenyewe, pesa ikirudi irudi. Halafu akauliza wao wakitaka damu ya mtu wa Amu wanachukua kiasi gani. Nikamwambia mililita kumi zinatosha, Ami. Akakunja mkono wa kanzu akautazama mshipa wake.